Bi Mwanakombo, Aliyeigeuza Prosesa Akasoma Chini Yake

Jumatano ijayo, tarehe 30 Juni 1999, saa tisa na nusu alasiri, Bi Mwanakombo Abdulrahman atasaini daftari la mahudhurio kwa mara ya mwisho. Atakuwa ametimiza miaka ishirini na tisa kasoro siku mbili katika Kiwanda cha Vitabu vya Nukta Nundu, hapa Mtoni, Temeke. Hizo siku mbili si zangu. Kwenye rasimu ya kwanza niliandika "miaka ishirini na tisa", naye akanirudishia karatasi ikiwa na mstari mwekundu. "Niliajiriwa Alhamisi, tarehe mbili Julai, mwaka sabini," alisema. "Ukitaka kunisifu, nisifu kwa ukweli."

Wengi walidhani wasifu huu ungeandikwa na mtu wa chumba cha kompyuta. Mwenyewe ndiye aliyetaka uandikwe na mtunza bohari. Kamati ya sherehe ya kuagana ilipomuuliza kwa nini, alijibu kwa kifupi: "Kwa sababu Mmari alikuwepo." Msomaji ataelewa huko mbele kwamba kuwepo kwangu hakukuwa kwa kujivunia sana.

Bi Mwanakombo alizaliwa Mbagala mwaka 1944, akasoma hadi darasa la nane, kisha akajifunza kupiga chapa. Alipoajiriwa aliwekwa kwenye sahani. Vijana waliokuja juzi hawakuiona kazi hiyo, kwa hiyo nieleze. Kabla ya kompyuta, kila ukurasa wa nukta nundu, maandishi yanayosomwa kwa ncha za vidole, ulichongwa kwanza kwenye bamba la zinki kwa mashine nzito yenye funguo sita. Ukikosea nukta moja, ulichukua nyundo ndogo ukaigonga mpaka ilale, ukaanza tena. Bi Mwanakombo alifanya kazi hiyo miaka kumi na tisa. Kamusi yetu ya juzuu kumi na saba ilipita yote mikononi mwake. Inasemekana kwamba katika juzuu ya tisa nyundo ilisikika mara nne tu, na kwamba mara ya nne ilikuwa ni mtu mwingine akipigilia msumari wa kalenda.

Mwaka 1989 ilikuja kompyuta ya kwanza, msaada wa wafadhili, ndani ya sanduku la mbao lililotushinda kupitisha mlangoni. Mtaalamu aliyekuja nayo alikaa siku kumi. Wengi wetu tulimtazama usoni, tukitabasamu na kuitikia. Bi Mwanakombo alimtazama vidole. Aligundua kwamba kila asubuhi, mashine inapowashwa na kabla haijasema lolote, yule bwana alibonyeza kitufe kimoja na skrini ikageuka bluu, imejaa namba na maneno mafupi ya Kiingereza. Siku ya nane akauliza ni nini kile.

Aliambiwa kwamba ile ni setapu ya BIOS: programu ndogo inayokaa ndani ya mashine yenyewe, inayoamka kabla ya vyote na kuiambia kompyuta ina nini mwilini mwake, yaani diski ya ukubwa gani, kumbukumbu kiasi gani, na prosesa, ule ubongo wake, ya kasi gani. Kisha akaambiwa asiiguse kamwe. Aliitikia vizuri kabisa. Siku ya tisa, yule bwana alipotoka kwenda kula, aliifungua ile skrini, hakubadilisha hata herufi moja, akanakili ukurasa mmoja baada ya mwingine kwenye daftari la karatasi mia moja.

Daftari hilo lilituokoa mwaka 1992. Umeme ulikatika siku tatu, betri ndogo ya ndani ikafa, na kompyuta ilipowashwa ilikuwa imesahau kila kitu. Haikujua kama ina diski. Iliamini kwamba leo ni tarehe mosi Januari mwaka 1980. Barua ya kumwita fundi kutoka nje ya nchi ilikuwa imekwisha kupigwa chapa, inasubiri saini. Bi Mwanakombo alinunua betri Kariakoo, akaketi, akafungua daftari, akaingiza namba moja moja kama mtu anayemkumbusha mgonjwa majina ya watoto wake. Baada ya nusu saa vitabu vyote vilikuwa mahali pake. Barua ya fundi akaigeuza, akaandikia upande wa pili orodha ya vifaa vya usafi.

Wasifu wa sifa tupu angeurudisha, kwa hiyo niseme na hili. Kuanzia siku ile daftari lilikaa kwenye droo yake, na ufunguo ukakaa kwenye pindo la kanga yake. Hakumfundisha mtu. Aliyekaribia skrini ya bluu aliulizwa, "Umepotea njia?" Alikuwa mkali, na ukali wake ulikuwa na faida, lakini kwa miaka mitano kiwanda kizima kilimtegemea mtu mmoja kama nyumba inavyotegemea nguzo moja.

Januari 1997 tuliletewa kompyuta nane mpya. Siku zile za soko huria, kila mtaa wa mjini ulikuwa na mtu anayeuza kompyuta, na aliyeshinda zabuni yetu alikuwa msambazaji mmoja ambaye sina haja ya kumtaja. Hati zilisema prosesa za kasi ya 166. Vibandiko vya mbele vilisema 166. Zilipowashwa, skrini zilisema 166. Mimi, Eliaichi Mmari, mtunza bohari tangu mwaka 1981, nilihesabu masanduku nane, nikaona yamefika bila kupondeka, nikasaini kwamba nimepokea na kukagua. Kupokea nilipokea.

Joto la Februari lilipoanza, kompyuta zikaanza kuganda. Asubuhi zilikwenda vizuri. Ikifika saa tano, saa sita, picha inasimama, kitufe hakisikii, kazi ya saa nzima imepotea. Mbaya zaidi, zile ambazo hazikuganda zilianza kutoa kurasa zenye makosa ya ajabu. Tulikuwa tunachapa kitabu cha Jiografia cha darasa la sita, nakala arobaini kwa wanafunzi wasioona, na shule zilikuwa zimeahidiwa zitazipata katikati ya Machi. Nakala za awali zilikuwa na mito inayoitwa majina yasiyokuwepo.

Lawama zilimwangukia Auleria. Alikuwa binti wa miaka ishirini na minne kutoka Karagwe, bado yumo kwenye muda wa majaribio, na meza yake ilikuwa dirishani, upande unaopigwa na jua. Kompyuta yake iliganda kuliko zote. Fundi wa msambazaji alikuja, akatazama kwa dakika kumi, akamwambia meneja kwamba mashine ni nzima na anayeitumia ndiye anayeiharibu: labda anacheza michezo, labda ameleta diski zenye virusi. Ijumaa ile barua ya kumwachisha kazi ikaanza kuandikwa. Auleria hakubishana. Alikusanya kikombe chake na kitambaa cha kufutia vumbi, akaviweka kwenye mfuko wa plastiki, akaendelea kuchapa huku mfuko ukiwa miguuni. Alikuwa anasomesha wadogo zake wawili.

Aliyesema kwanza alikuwa Mashaka, msahihishaji wetu, ambaye hajaona tangu akiwa na miaka minne na ambaye vidole vyake havijawahi kudanganywa na mtu. Aliingia chumba cha kompyuta na kurasa tatu za Jiografia mkononi.

"Bi Mwanakombo," alisema, "huyu si Auleria."

"Umejuaje?"

"Makosa ya mtu yana tabia. Auleria akichoka, anasahau nukta ya tatu. Wewe ukikasirika, unaacha nafasi mbili. Haya hayana tabia. Hapa imeruka herufi, hapa imezidisha, hapa imeandika kitu ambacho hakuna mkono unaoweza kukiandika. Haya yametoka ndani ya mashine."

Bi Mwanakombo alizichukua zile kurasa, akafumba macho, akazisoma kwa vidole toka juu mpaka chini. Kisha akaenda kwa meneja bila kubisha hodi, jambo ambalo hakulifanya kabla wala baada ya siku ile.

Nilikuwa pale nikisainisha hati za karatasi. Aliomba siku tatu na ruhusa ya kuingia kwenye setapu ya kompyuta mpya. Meneja wetu wa wakati ule alikuwa mtu mwema lakini mwoga wa mikataba. Alimwambia kwamba garantii inakataza. Bi Mwanakombo akasema kwamba barua ya kumfukuza mtu isiandikwe kwa ushahidi wa dakika kumi. Meneja alifungua na kufunga kalamu.

"Fanya," alisema mwishowe. "Lakini ukiua hata moja, Bi Mwanakombo, utatoka na huyo binti mlango mmoja."

"Sawa," alisema. "Mlango ule ni mpana."

Jumatatu, jambo la kwanza alilofanya halikuwa la kompyuta. Alimwambia Auleria abaki nyumbani, akaketi yeye kwenye meza ya dirishani. Saa tano na dakika ishirini mashine ikaganda. Akaandika. Saa sita kasorobo ikaganda nyingine, ambayo Auleria hakuwahi kuigusa. Akaandika. Mchana akaingia kwenye skrini ya bluu na kuizima kashe, ile kumbukumbu ndogo ya haraka iliyomo ndani ya prosesa yenyewe. Kompyuta ikawa inatambaa. Ukurasa uliochukua dakika moja ulichukua robo saa. Lakini mpaka jioni haikuganda hata mara moja. Mashaka aliuliza imeandikwaje pale kwenye skrini, akasomewa neno lililokuwa mbele ya kashe, "disabled", yaani imezimwa, ambalo kwa Kiingereza ni neno hilohilo wanalotuandikia wafadhili wanapomtaja mtu kama yeye. Alicheka mpaka akashika ukuta. "Basi ni mwenzangu huyo," alisema. "Mpeni kazi, atafika, ila msimkimbize."

Bi Mwanakombo hakucheka. Alirudia maneno yale polepole: msimkimbize. Baadaye aliniambia kwamba hapo ndipo wazo lilipomjia.

Kompyuta zile zilikuwa za aina mpya, ambayo kasi ya prosesa hupangwa kwenye setapu bila kufungua kifuniko. Sehemu moja ilionyesha mapigo ya bodi inayobeba prosesa, sitini na sita na kidogo. Chini yake, mapigo hayo yazidishwe mara ngapi. Zote nane zilikuwa zimewekwa mara mbili na nusu, na hiyo ndiyo iliyotoa 166. Jumanne asubuhi alirudisha kashe, akashuka kwenye mstari wa pili, akaupunguza kutoka mbili na nusu hadi mbili kamili. Akahifadhi, akatoka, akawasha upya. Skrini ikasema 133. Akaiweka Jiografia, akaanza kuchapa.

Saa tano ikapita. Saa sita ikapita. Saa nane, wakati ambapo hata sisi wenyewe tulikuwa tunaganda kwa joto, ile mashine ya dirishani ilikuwa inachapa mto Ruvuma kwa herufi zake zote. Mashaka alizipapasa kurasa ishirini na mbili, akasema hana la kusema, na kwa Mashaka hiyo ni sifa kubwa. Jumatano zikawekwa hivyo zote nane. Hakuna iliyosimama.

Mtu mwingine angeishia hapo: kazi inakwenda, tumshukuru Mungu. Yeye alisema bado. "Mashine inayofanya kazi ukiipunguza kasi, ama ina joto, ama iliongopewa umri," alisema. "Mmari, lete bisibisi, na uje na miwani yako."

Tulifungua kifuniko. Akaondoa feni, akapangusa juu ya prosesa kwa pamba na spiriti. Maandishi ya juu yalisema 166, meusi na mazuri, na yakaanza kutoka kwenye pamba. Kigae chenyewe kilikuwa kimekwanguliwa. Ukikishika kwenye mwanga unaona mikwaruzo ya msasa. Akainua ule mkono mdogo wa chuma unaoibana, akaitoa prosesa kwa vidole viwili, akaigeuza. Chini, katikati ya zile pini zake ndogo za dhahabu, palikuwa na maandishi madogo ambayo aliyekwangua juu hakukumbuka kuyafuta. Alinipa miwani yangu mwenyewe nisome. Ilikuwa 133.

Nilisoma mara mbili. Kisha nikakumbuka saini yangu kwenye hati ya mapokezi. Tulifungua nyingine saba. Zote zilikuwa hivyo.

Alhamisi msambazaji alikuja na fundi wake. Meneja alikuwepo, Auleria alikuwa ameitwa, nami nilikuwa nimesimama mlangoni nikitamani kuwa mahali pengine. Fundi alianza kwa kujiamini.

"Mama, pale si mahali pa kuchezea. Mkigusa setapu, garantii inakufa."

"Mwanangu," alisema Bi Mwanakombo, "mie sijachezea. Nimesoma. Sasa soma na wewe." Akaweka prosesa mezani, chini ikiwa juu. "Kwa sauti, ili na Mashaka asikie."

Yule kijana aliinama. Halafu akasoma, "Mia moja thelathini na tatu," kwa sauti ya mtu ambaye, nadhani, naye alikuwa anaijua habari ile kwa mara ya kwanza. Msambazaji alisema kwamba bidhaa zilikaguliwa na kupokelewa na kiwanda, na hati ipo. Meneja akanigeukia.

Ningeweza kusema kwamba hakuna mtunza bohari duniani anayegeuza prosesa. Ingekuwa kweli. Lakini Auleria alikuwa amekaa na ule mfuko wake wa plastiki mapajani, na wiki nzima nilikuwa nimemwacha abebe mzigo niliousaini mimi. Nikasema, "Sikukagua. Nilihesabu masanduku. Kosa la kwanza ni langu, si la huyu binti." Ni sentensi fupi, ila sijawahi kubeba gunia zito kuliko hiyo.

Barua ya Auleria ilichanwa siku ileile. Baada ya miezi minne ya kuandikiana, msambazaji alibadilisha prosesa tano. Tatu hazikubadilishwa, nazo mpaka leo zinafanya kazi kwa kasi yake halali bila kulalamika. Jiografia ilifika shuleni tarehe 21 Machi, imechelewa siku sita. Nilipewa onyo la maandishi, nalo lipo kwenye faili langu kwa haki kabisa. Tangu hapo hakuna kifaa kinachoingia bohari bila kufunguliwa.

Nililotaka zaidi lijulikane ni lililotokea jioni ya Alhamisi ile. Tulidhani Bi Mwanakombo angefurahi. Nilimkuta ameketi peke yake, droo iko wazi. Mara Auleria akaja kumshukuru, akapiga magoti kama desturi ya kwao, naye akamwinua kwa haraka. "Usinishukuru," alimwambia. "Ningekuwa nimekufundisha ile skrini mwaka jana, ungejitetea mwenyewe. Nimekaa na daftari hili kama mchawi na tunguri." Akampa daftari. Kwa muda wa miezi sita iliyofuata tuliwasikia wakibishana kila asubuhi kuhusu mapigo na kashe, na kwa mara ya kwanza tukamsikia Bi Mwanakombo akisema, "Hapo umenishinda." Auleria leo ndiye msimamizi wa chumba cha kompyuta.

Mwaka huu dunia nzima inaogopa kwamba saa za kompyuta zitachanganyikiwa mwaka 2000 ukiingia. Bi Mwanakombo alikwisha kuzijaribu zetu tangu Aprili: aliingia kwenye setapu, akazisogeza mpaka dakika ya mwisho ya mwaka, akakunja mikono akangoja. Nane zilivuka. Moja, ile kongwe ya mwaka 1989, ilirudi moja kwa moja mwaka 1980. "Huyo ni mzee mwenzangu," alisema, "muacheni anakotaka." Nayo itastaafu.

Uongozi ulipomuuliza angependa zawadi gani, tulitegemea angetaja kitanda au redio. Aliomba siku moja. Jumamosi tarehe 19 Juni alituita wote: wachapaji, wajalidi, mlinzi, mimi, hata Avelina anayefagia ofisi. Kila mmoja aliketishwa mbele ya kompyuta, akaiwasha, akabonyeza kitufe mwenyewe. Mashaka alibonyeza, na Auleria akamsomea. Mimi, mwenye miaka hamsini na mmoja, niliiona skrini ya bluu kutoka kwenye kiti kwa mara ya kwanza, nikatafuta mstari wa kasi, nikaupata, nikausoma kwa sauti. Bi Mwanakombo alisimama nyuma kabisa, mikono mgongoni. Avelina, ambaye alijifunzia kusoma katika madarasa ya watu wazima, alishuka mstari baada ya mstari, akigusa kila neno kwa kidole kwenye kioo, mpaka akafika kwenye prosesa.

"Shikamoo, bibi," aliita bila kugeuka. "Nibonyeze hapa?"

"Marahaba. Usiniulize mie," alijibu. "Soma, kisha uamue."

Avelina alisoma. Aliamua kutobadilisha kitu, akatoka kwenye setapu kwa njia sahihi, na mashine ikaendelea kuwaka. Tulimpigia makofi. Nilipogeuka kumtazama Bi Mwanakombo, alikuwa anachukua mkoba wake, tayari kuondoka kabla ya soda.

Bi Mwanakombo, nyumba yako ya Chanika imekamilika paa, na tunasikia mihogo imeshika. Tunakushukuru kwa mabamba, kwa kurasa, kwa ukali, na kwa zile siku tatu. Watoto wa darasa la sita walioupapasa mto Ruvuma ukiwa na herufi zake zote hawakujui jina, sisi tunakujua. Mungu akujaalie afya, akupe wajukuu wasikivu, na akuzidishie miaka mizuri, kila siku yake ihesabiwe kama unavyopenda. Nenda salama, mama yetu, ukaishi kwa raha. Na usiwe na wasiwasi na huku: mashine zinakwenda vizuri, maana sasa kila mmoja wetu amezisoma kwa macho yake, na Mashaka kwa masikio yake.

Eliaichi Mmari
Bohari, Mtoni